Kelele si ukocha

Kuna sauti utaikuta karibu kila mahali penye vyuma vya kunyanyua. "Twende! Twende! Bado moja! Usiniangushe!" Anayeipaza kasimama mbele ya mtu aliyeanza mazoezi juzi tu. Huyo mgeni uso umemwiva, mgongo umejikunja, magoti yanataka kugongana, na chuma kinapanda kwa kusuasua. Kikifika juu, makofi. Wote wawili wanatabasamu, na kesho yake mmoja wao hawezi kuinama kufunga kamba za viatu.

Huyo mmoja niliwahi kuwa mimi.

Kocha wangu wa kwanza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchangamfu, alilijua jina langu tangu siku ya pili, na nisipofika alinitumia ujumbe kuniuliza kulikoni. Kama kutiwa moyo peke yake kungejenga mnyanyuaji, leo ningekuwa na medali ukutani. Lakini katika wiki tisa sikumbuki hata mara moja aliponiambia miguu yangu iwe wapi. Nikiweza, aliongeza uzito. Nikishindwa, aliongeza sauti. Wiki ya kumi kiuno kikagoma, nikakaa nyumbani miezi minne nikijishawishi kwamba vyuma si vya watu kama mimi.

Kwa hiyo nikisikia watu wakisema anayeanza michezo ya nguvu anahitaji kocha wa kumtia moyo, huwa nakubali kwa nusu mdomo. Moyo wa mtu anayeogopa chuma hautiwi kwa maneno. Unatiwa na chuma chenyewe, kinapopanda vizuri mikononi mwake naye akajua kwa nini kimepanda. Kocha anayemfikisha hapo amemsaidia, hata kama ni mtu wa maneno machache. Asiyemfikisha hapo anampigia kelele tu.

Kocha wangu wa pili, siku ya kwanza, alinipa mpini wa ufagio.

Nakiri nilijisikia kudharauliwa. Nilikuwa nimeshabeba uzito wa kutosha, angalau kwa hesabu zangu, na sasa nimesimama kati ya watu wanaohema nikiwa na mpini. Akauweka wima mgongoni mwangu, uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa mkia. "Sasa inama, sukuma makalio nyuma, na mpini usiachane na hata sehemu moja." Sikufika mbali. Magoti hayajakunjika vizuri, mpini ukaachia pale chini.

"Hapo ndipo ninapokosea?" nikamuuliza.

"Hapana, dada. Hapo ndipo tunapoanzia."

Kosa lilikuwa lilelile ambalo kocha wa kwanza alilipigia makofi wiki tisa, ila huyu alilifanya kuwa mahali pa kuanzia. Hakunisifia uongo, hakunitisha kwamba nitavunjika mgongo. Tulirudia mwendo ule wa mpini mpaka nyonga zikaelewa kwamba kuinama ni kazi yao, wala si kazi ya kiuno.

Halafu ikaja siku ya kunyanyua chuma kutoka sakafuni, ule mnyanyuo ambao wengi wetu huuita dedilifti. Niliweka zile sahani ndogo za kilo tano, yaani duara za uzito zinazofungwa kwenye ncha za chuma, moja kila upande, nikainama, na mgongo ukajikunja upya. Nikajaribu tena, yaleyale. Nikaanza kujilaumu: miguu mirefu, mwili mgumu, umri. Kocha akachuchumaa pembeni, akakitazama chuma, si mimi. Kisha akaenda kuleta mbao mbili nene, akaweka moja chini ya sahani za kila upande, chuma kikainuka. "Vuta sasa." Nikavuta. Mgongo umenyooka kama vile haukuwahi kunisumbua.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha milimita 450, kwa hiyo chuma hukaa sentimita 22.5 hivi juu ya sakafu. Urefu huo ndio unaoonekana kwenye video zote tunazoiga. Mtu mwenye nguvu anafunga sahani kubwa na chuma kinamfuata juu. Anayeanza, ambaye bado hawezi uzito huo, anafunga sahani ndogo, chuma kinashuka karibu na vifundo vya miguu yake, halafu anaambiwa ana mgongo mbaya. Yaani mgeni ndiye anayepewa mnyanyuo mgumu kuliko wote jimuni. Nilikuwa nimejilaumu miezi mizima kwa kosa la sahani.

Hili linaniudhi mpaka leo, kwa sababu dawa yake ni mbao mbili.

Hata hivyo namwelewa kocha anayekimbilia kuongeza uzito, kwa kuwa mwili wenyewe unamhadaa. Wiki za mwanzo nguvu hupanda haraka ajabu. Mtu anaongeza kilo karibu kila anapokuja, wote wanadhani misuli imejaa, kumbe kilichobadilika zaidi ni mishipa ya fahamu. Ubongo unajifunza kuiamsha misuli iliyopo na kuipanga ifanye kazi kwa pamoja. Misuli yenyewe hunenepa polepole, na kano zinazoishika kwenye mifupa huchukua muda mrefu zaidi kuimarika. Basi kuna kipindi ambapo mgeni anaweza kunyanyua uzito ambao kano zake bado hazijakubaliana nao. Kocha anayefuata namba peke yake ataongeza. Kocha anayeutazama mwendo ataacha kilo tano mfukoni, na mwanafunzi atanuna kidogo. Mimi nilinuna.

Na kipindi hichohicho ubongo unajifunza kila unachorudia, kiwe kizuri au kibaya. Hauna habari kwamba ule mgongo uliopinda ulikuwa wa leo tu, wa kumalizia seti. Ukikirudia, unakihifadhi, na kazi ya kukifuta baadaye ni kubwa kuliko ya kukijifunza. Na tabia ya kulegeza mwendo ili namba ipande haiwakumbi wageni peke yao. Zamani unyanyuaji wa Olimpiki ulikuwa na mnyanyuo wa tatu, wa kukisukuma chuma kwa mikono kutoka mabegani hadi juu. Wanyanyuaji wakaanza kuegemea nyuma, wakazidi kuegemea, mpaka waamuzi wakashindwa kuamua kipi halali kipi si halali. Baada ya michezo ya Munich ya 1972 mnyanyuo huo ukaondolewa kabisa.

Nikirudi kwenye maneno. Mtu aliye chini ya chuma hana nafasi kichwani. Amevuta pumzi, amekaza tumbo pande zote kama anayejiandaa kupigwa ngumi, anaogopa, na anasikia mapigo ya moyo wake masikioni. Mpe maagizo matano kwa mpigo, "kifua juu, magoti nje, tazama mbele, kaza kiuno, visigino chini," na hatatekeleza hata moja. Kocha wangu alikuwa na neno moja kwa seti. Nikiuliza makosa mengine, alisema yana siku yake. Mengi kati ya hayo yalijirekebisha, kwa sababu lile moja ndilo lililokuwa mama wa mengine.

Na neno lenyewe lilichaguliwa. Hakusema "nyoosha magoti." Alisema "isukume sakafu iende zake." Hakusema "kaza misuli ya mgongo," alisema "vunja hicho chuma vipande viwili." Baadaye nikaja kusoma kwamba hili lina jina katika sayansi ya kujifunza mwendo. Mtafiti Gabriele Wulf na wenzake wameonyesha kwa miaka mingi kwamba watu hutenda vizuri zaidi wakielekeza akili kwenye jambo lililo nje ya mwili, kama sakafu, chuma au shabaha, kuliko wakifikiria viungo vyao wenyewe. Ukimwambia mtu afikirie goti lake, goti linakuwa gumu. Mpe sakafu ya kusukuma, goti litajua la kufanya.

Sasa nisieleweke vibaya. Kuna makocha wa mbinu ambao nao ni mzigo. Wamekariri picha moja na kila mwili lazima uingie humo. Hao ndio wanaomwambia kila mtu kwamba goti likipita vidole vya miguu wakati wa kuchuchumaa ni hatari. Mtu mwenye mapaja marefu akitii agizo hilo analazimika kulala mbele, na mzigo uliokuwa ugawanywe na magoti unahamia kwenye nyonga na kiuno. Watazame wanyanyuaji wa Olimpiki wakiwa chini kabisa: magoti yamepita vidole, nao wamekaa imara. Warefu watainama mbele zaidi ya wafupi, wengine watatanua miguu, wengine wataibana. Mbinu nzuri ni ile inayokiweka chuma juu ya katikati ya unyayo na kuuacha uti wa mgongo mahali pake. Baada ya hapo, muulize mwanafunzi anajisikiaje. Kocha asiyeuliza swali hilo anafundisha picha, hafundishi mtu.

Hao hao ndio wenye tabia ya kutisha. Kila kosa ni "utapooza." Ukweli ni kwamba michezo ya nguvu, ikifanywa kwa mpango, huleta majeraha machache kuliko michezo ya kugongana. Mwanafunzi aliyetishwa ananyanyua akijihami, amekakamaa, anakata tamaa kabla chuma hakijaondoka chini. Woga nao ni kasoro ya mbinu.

Wasio na kocha je? Simu iegemezwe ukutani, pembeni, usawa wa nyonga, ikurekodi. Si sawa na jicho la mtu, lakini haina unafiki. Na vyuma vya usalama, vile vya kukidaka chuma kikikushinda, viwekwe kwenye stendi kila mara, hata kama uzito ni wa mzaha.

Watu hudhani mambo haya ni ya wageni na kwamba mabingwa wanaendeshwa na hasira tu. Tarehe 26 Julai 2021, mjini Tokyo, mnyanyuaji Hidilyn Diaz aliipatia Ufilipino dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika historia, daraja la kilo 55. Kabla ya hapo janga la korona lilikuwa limemkwamisha Malaysia, na kuna wakati alifanya mazoezi kwa fimbo ya mwanzi iliyotundikwa madumu ya maji. Niliposoma hilo nilikumbuka mpini wangu, nikajisamehe ile aibu. Siku ya fainali mpinzani wake, Liao Qiuyun wa China, alimaliza na jumla ya kilo 223 kwa minyanyuo yote miwili. Diaz na kocha wake, Gao Kaiwen, walikuwa na mnyanyuo mmoja uliobaki. Wakaomba kilo 127, ambazo zingeifikisha jumla yake 224. Akazinyanyua. Nikiitazama ile video naiona hesabu ya kocha: mtu aliyejua kwa hakika mwanafunzi wake ana nini mwilini siku ile.

Mashindano yangu ya kwanza yalikuwa madogo, ya minyanyuo mitatu: kuchuchumaa, kusukuma kifuani, na kuvuta kutoka chini. Kila mmoja una majaribio matatu, waamuzi ni watatu, kila mmoja na taa yake, na taa mbili nyeupe zinatosha kuuhalalisha mnyanyuo. Kocha alinichagulia uzito wa kuanzia ulionitia aibu, uzito ambao ningeunyanyua hata kwenye siku mbaya, mara tatu mfululizo. Nikalalamika. Akanikumbusha kwamba uzito ukishatangazwa hauteremshwi tena: ukishindwa unarudia uleule au unapanda, na ukikosa mara zote tatu mashindano yako yameishia hapo. Nikanyamaza.

Jaribio la kwanza la kuchuchumaa, taa tatu nyeupe. La pili akaongeza kilo kumi. Nikashuka, nikapanda bila shida, nikafurahi, nikakirudisha chuma kwenye stendi kabla mwamuzi hajatoa ishara. Taa tatu nyekundu. Nilishuka jukwaani machozi yakinilengalenga. Kwa mazoea ya zamani nilisubiri kelele, au angalau yale maneno ya kubembeleza, "usijali, umejitahidi."

"Nguvu zilikuwepo," akasema. "Masikio ndiyo yaliyotangulia nyumbani. Tunarudia uzito uleule, na nikikuona umeganda pale juu, nitajua unasikiliza."

Jaribio la tatu nilishuka, nikaisukuma sakafu, nikasimama. Nikaganda. Pale juu, na chuma mabegani, sekunde moja ni ndefu kama foleni. Ishara ikaja, nikakirudisha. Nyeupe, nyeupe, nyeupe.

Niliporudi nyuma ya pazia alikuwa ameshaanza kumfunga mkanda msichana ambaye zamu yake ilikuwa inafuata. Bila kugeuka akaniuliza visigino vyangu vilikuwa wapi.

"Chini," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kukaza mkanda.