Nilivyompeleka shangazi kwenye gwaride la wajinga

Hii stori ni ya 2018, nimekaa nayo kimya miaka yote, ila shangazi keshaitangaza Tanga nzima kwa hiyo sina tena cha kuficha.

Tulikuwa tunakaa Queens, New York, mke wangu ndo katoka kujifungua, shangazi kaja kutusaidia kulea. Alifika baridi ya mwezi wa pili, akawa wa ndani tu kama kuku anayeatamia, kutwa yuko dirishani ananiuliza "baba, hivi huku watu huwa wanatembea saa ngapi?" Nikaona aibu, nikaanza kutafuta kwenye intaneti sehemu za kwenda bure, maana hela ya kuosha vyombo mgahawani mnaijua wenyewe.

Si nikakutana na tangazo bana. Limeandikwa kiofisi kabisa: Gwaride la 33 la kila mwaka la Siku ya Wajinga, tarehe 1 Aprili, linaanza saa sita mchana kona ya Fifth Avenue na mtaa wa 59, linateremka mpaka Washington Square Park, wote mnakaribishwa mje mmevaa vituko vyenu, na mwisho anatawazwa Mfalme wa Wajinga. La 33! Kitu kimefanyika miaka 33 unakitiliaje shaka? Mke wangu akaniuliza, "Tarehe moja si ndo Siku ya Wajinga yenyewe?" Nikamjibu ndo hiyohiyo, ndo sherehe yake. Akanyamaza, akaendelea kunyonyesha.

Jumamosi usiku nikatengeneza kichwa cha punda. Nilichukua boksi la pampasi lililokuwa kona ya chumba, nikamwaga pampasi kwenye begi la shangazi, nikatoboa macho mawili kwa kisu cha nyanya, masikio nikaweka soksi zangu za kazini nimezijaza magazeti zikasimama wima, meno nikachora kwa peni ya maka. Kisogoni bado kulikuwa na picha ya katoto kazungu kanacheka, nikasema acha tu, atanilinda nyuma.

Shangazi yeye alisema havai upuuzi. Akavaa koti lake zito, juu akajifunga khanga ya Sisi Sote Abiria Dereva ni Mungu, ushungi juu, mwavuli mkononi, kapendeza kuliko mimi. Tukapanda treni ya N, mimi nimepakata kichwa mapajani. Mtoto mmoja akakishika sikio safari nzima na mama yake akajifanya haoni.

Tumefika kona ya 59 saa sita kasoro robo. Hakuna kitu. Teksi zinapita, watu na mabegi yao, na pale kuna sanamu ya Jenerali Sherman juu ya farasi imepakwa dhahabu mwili mzima, shangazi akaitazama wee akaniuliza "na huyu naye kaja kwenye gwaride?" Nikamwambia wazungu wana foleni zao, vumilia, mi nikavaa kichwa changu tuonekane. Sita ikapita. Sita na nusu. Farasi mmoja wa yale magari ya kuzungusha watalii akaja akaninusa sikio, akapiga chafya, nikaisikia unyevu wake mpaka shingoni. Shangazi akasema "walau mwenzio kakutambua."

Nikaanza kutoka jasho humo ndani ya boksi. Ndo nikachungulia kwa matundu yangu nikaona huko chini kwenye Fifth Avenue barabara imefungwa, hakuna magari, watu kibao! Na kofia sasa, mama yangu! Mtu ana bustani nzima kichwani, mwingine mayai ya rangi, mbwa wamevalishwa miwani na shela. Nikapiga kelele "shangazi ndo lile pale, tumeachwa!" tukakimbia, yeye kapandisha khanga magotini na mwavuli kama mkuki, mi siwezi kuona pembeni nikagonga nguzo ya taa lakini sikusimama.

Tukajichanganya. Jamani tulipigwa picha! Shangazi alipigwa picha kuliko mbwa. Tukateremka kwa madaha mpaka mbele ya lile kanisa kubwa, St. Patrick's, watu wanamiminika kutoka ibadani, na mimi nikaona ni vizuri niulizie ratiba. Nikamfuata mama mmoja mtu mzima mwenye kofia ya maua meupe, nikamuuliza kwa adabu zangu zote, sauti ikitokea kwenye boksi: "Samahani mama, Mfalme wa Wajinga anatawazwa hapa kanisani au mpaka huko mbele?"

Yule mama alinitazama. Akaangalia mlango wa kanisa, akaniangalia tena. Akasema, "Mwanangu, leo ni Pasaka."

Pasaka! Mwaka ule iliangukia tarehe 1 Aprili hiyohiyo, na lile lilikuwa gwaride la Pasaka la kila mwaka la watu wa makofia. Mi Mwislamu, halafu nafanya shifti za usiku, Pasaka ntaijulia wapi? Nikabaki nimeganda. Yule mama akanionea huruma, akagusa pua yangu ya boksi akasema, "Na kama ni punda wa Yesu umechelewa, Matawi ilikuwa wiki iliyopita."

Babu mmoja pembeni, kofia yake ina kiota na ndege wawili, alicheka mpaka kiota kikainama. Ndo akatueleza kwamba lile tangazo ni la msanii mmoja, Joey Skaggs, mtu wa vituko, tangu 1986 kila Aprili anawatumia waandishi wa habari taarifa ya gwaride, na kuna matelevisheni yameshatuma kamera pale kona ya 59 yakapiga picha teksi.

Kwenye treni nikamsomea shangazi habari za huyo bwana. Mwaka 1976 alitangaza danguro la mbwa, vyombo vya habari vikaamini. 1981 akajifanya daktari, eti katengeneza vidonge kutokana na mende, vinatibu mpaka chunusi, shirika zima la habari likaisambaza. Shangazi akanikatisha, "Dawa ya mende?" Nikamwambia hapana shangazi, si ya kuua mende, ni mende ndo dawa. Akakaa kimya vituo viwili. Kisha akasema, "Na wewe ungenunua."

Tumefika nyumbani mke wangu hata hakuuliza gwaride. Kauliza boksi la pampasi liko wapi, maana zile pampasi ni saizi kubwa, alikuwa anasubiri Jumatatu azirudishe dukani, na risiti aliibandika kwenye boksi. Nikageuza kichwa cha punda, kweli bwana, risiti hiyo hapo chini ya taya.

Jumatatu asubuhi nimesimama kwenye foleni ya dukani, nimeng'oa masikio, nimerudisha pampasi zote ndani moja moja. Dada wa kaunta kalizungusha boksi, kaona meno. Kainama, kaweka jicho lake kwenye tundu moja, kachungulia, halafu kaniangalia mimi kwa lile jingine.