Saini ya mama aliyekwisha kufa

Novemba 2019 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ya UKIMWI ya 2008, na kijana wa miaka 15 akaruhusiwa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Kabla ya hapo alingoja afike 18. Tangu siku hiyo, ukigusia vijana na dawa za kufubaza virusi, hukosi mtu wa kusema serikali imempokonya mzazi mtoto wake.

Hoja hiyo si ya kubezwa. Dawa hizi ni za kila siku, maisha yote. Mwanafunzi wa kidato cha pili akipokea majibu peke yake anarudi nyumbani na siri iliyomzidi kimo. Kopo analificha chini ya nguo. Leo anameza, kesho anaruka, hadi virusi vinaizoea dawa na inabidi ahamishiwe mseto mwingine wa dawa, na miseto yenyewe si mingi. Mama anayejua angemkumbusha na kumsindikiza kliniki. Anayesema mzazi awepo anasema kweli.

Ila anamzungumzia mtoto mwenye mzazi.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu ambayo mpaka leo hainitoki kichwani. Kati ya 2005 na 2012, vifo vya VVU duniani vilipungua kwa asilimia 30. Vya vijana balehe, wa miaka 10 hadi 19, viliongezeka kwa asilimia 50. Miaka ile ile, dawa zile zile! Wakubwa wanasalimika, watoto wanazikwa. Na sehemu kubwa yao hawakuupata kwa ngono, kama tunavyopenda kudhani vibarazani. Walizaliwa nao, kabla huduma ya kumkinga mtoto wa mjamzito haijafika kila zahanati. Wakakua wakiugua-ugua, mara kifua kikuu, mara ngozi, wengine wakadumaa, na hakuna aliyewaza VVU kwa kuwa "huyu bado mtoto".

Sasa mtafutie huyo wa kumtilia saini. Mama alikufa kwa ugonjwa huo huo. Mwaka huu yuko kwa bibi, mwakani kwa baba mdogo mjini, na baba mdogo hataki kusikia habari ya kupima, maana akikubali kwamba mtoto anao, amekubali pia kilichomuua kaka yake. Huyo ndiye sheria ya zamani ilimwita mlezi. (Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa upande wake, ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Kuolewa alikuwa mkubwa; kupima, mtoto.)

Kwa utaratibu wa pima na tibu tulionao tangu 2016, anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke. Kwa hiyo kuchelewa kupima ndiko kuchelewa dawa kwenyewe. Afrika Kusini, katika Sheria ya Watoto ya 2005, iliweka umri wa kuridhia kupima VVU kuwa miaka 12. Nami ningependa tushuke hadi hapo, kwa sharti moja ninaloazima kwa wapinzani: kijana asiondoke na kopo la kwanza kabla hajapata mtu mzima mmoja wa kumsimamia, awe shangazi, jirani, au mlezi wa klabu ya vijana pale kliniki.

Hata wenye wazazi wanamhitaji mtu huyo. Bwenini, kijana hujaza pamba ndani ya kopo ili vidonge visichakache anapofungua tranka saa mbili usiku wenzake wakiwa prepo. Mama yake anajua kila kitu, lakini yuko mkoa mwingine. Anayeweza kumsaidia usiku ule ni matroni, kama kuna aliyemweleza.