Jembe la Adhabu, Boga la Mchezo

Siku ya kwanza kumwona jirani yangu wa bustani akikata msusa na kuutupa kwenye mboji, nusura nipige yowe. Ilikuwa Juni, saa mbili usiku, na jua bado limekaa juu kama la alasiri. Mzee wa miaka sabini na kitu, kainama na kisu kidogo, anakata ncha changa za mboga ya maboga moja baada ya nyingine, zile laini kabisa ambazo ukiziambua nyuzi zinatoka zenyewe, na anazirusha nyuma yake bila hata kuzitazama. Nikahesabu kwa macho: mafungu sita, pengine saba. Huku sijawahi kuuona msusa dukani. Nikamsogelea, nikamwomba. Akaniangalia kidogo, kisha akauliza, "Una sungura?"

Nikamjibu sina sungura, nina sufuria.

Kesho yake nilimpelekea bakuli, nimeupika kwa karanga. Kijiko cha kwanza na cha pili alikula kwa adabu, cha tatu kwa hiari yake. Tangu hapo ananiwekea msusa kwenye ndoo pembeni ya uzio wetu, na ananiita "pet". Wiki za mwanzo nilinuna, maana najua neno hilo kama mnyama wa kufugwa ndani, mpaka mfanyakazi mwenzangu akaniambia kwamba kwa watu wa huku ni kama kusema "mpenzi" au "mwanangu".

Huku ni County Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Huu ni mwaka wangu wa tisa, na kazi yangu ni kutunza wazee. Miji ya hapa ilijengwa na makaa ya mawe. Migodi ya mwisho ya ukanda huu wa Durham ilifungwa mwaka 1993, na kilichobaki ni klabu za wachimbaji, makanisa yasiyo na watu, na viwanja vya bustani. Viwanja hivyo halmashauri inavikodisha kwa wananchi wasio na ardhi, na kuna sheria ya mwaka 1908 inayoilazimisha kuvitafuta pale watu wanapovihitaji. Kiwanja kamili kina kama mita za mraba 250. Mimi nilisubiri miaka miwili, nikapewa nusu.

Mzee ana kiwanja kizima, na karibu robo yake ni ya mmea mmoja wa boga. Mmea mmoja! Na huo mmea mmoja unaruhusiwa kuzaa boga moja tu.

Mwezi wa nne anasugua kingo za mbegu kwa msasa ili maji yapenye, anaiotesha ndani ya nyumba kwenye joto, kisha mwezi wa tano mche unahamia kwenye kitalunyumba chake cha nailoni. Ua jike likikaribia kufunguka anaamka alfajiri, mtu mwenye goti bovu, anachuma ua dume, analibandua petali, anapaka chavua kwa mkono wake, halafu analifunga lile ua jike kwa uzi ili nyuki asije akaleta mambo ya nje ya ndoa. Boga likishika, ndugu zake wote wanakatwa. Shina linalotambaa analifukia udongo kwenye kila kifundo ili litoe mizizi mingine. Matawi yanayochipua kwenye matawi ya pembeni hayatakiwi, na huko ndiko msusa wangu unakotoka. Chini ya boga anatandaza mchanga ili liteleze linapopanuka, juu analifunika shuka, maana jua likikomaza ngozi mapema huku nyama ya ndani bado inakua, linapasuka. Na likipasuka mpaka kwenye uwazi wa katikati, mwaka umeisha. Halipimwi.

Kila Jumapili analipima kwa tepu: mzunguko, upande mpaka upande, kikonyo mpaka kitako. Anajumlisha, anafungua daftari lenye jedwali, anasoma uzito. Mwaka juzi, katikati ya Agosti, liliongezeka zaidi ya kilo sabini ndani ya wiki moja. Nililigusa asubuhi kabla ya zamu yangu, limepoa kama shavu la mtoto aliyetoka kuoga.

Mbegu zenyewe zina ukoo. Nyingi zinarudi kwa mkulima mmoja wa Kanada, Howard Dill wa Windsor, Nova Scotia, aliyechagua mbegu mwaka baada ya mwaka mpaka akapata aina inayoitwa Atlantic Giant. Kila mbegu inatajwa kwa uzito wa boga mama, jina la aliyelilima na mwaka. Mzee akianza kuzitaja utadhani ni mfugaji anayekuhesabia ng'ombe wa mahari.

Hilo boga lake la mwaka juzi lilifika kilo 212, na kwa wakubwa wa mchezo huu hicho ni kitoto. Oktoba 2025 mapacha wawili wa Lymington, kusini mwa Uingereza, Ian na Stuart Paton, walipima boga la kilo 1,278.8, rekodi ya dunia. Vitz yako haifikii uzito huo. Kuna karoti iliyopimwa urefu wa mita 6.245 mwaka 2016, ya Mwingereza mwingine, Joe Atherton. Na huko Palmer, Alaska, mwaka 2012 kulipimwa kabichi la kilo 62.71.

Watu wa huku Durham, hata hivyo, mapenzi yao ya asili ni liki, yale majani ya jamii ya kitunguu ambayo Tanzania utayakuta Lushoto. Tangu karne ya 19 wachimbaji walishindana liki kwenye klabu zao. Hazipimwi kwa mizani, zinapimwa ujazo wa ile sehemu nyeupe. Kila mtu ana dawa yake ya kuzilisha na haisemi: huyu maji ya samadi ya kondoo, yule anaapa kwa bia. Wiki ya mashindano wapo waliolala bustanini kuzilinda, maana mshindani mwenye wivu alikuwa anaingia usiku na kuzichanja kwa kisu. Niliposikia hayo nilijisikia nyumbani kabisa. Kwetu boga lako likifika kilo mia, kisu hakitatumika. Watasema tu una lako jambo.

Nilimpigia mama, yuko Rungwe, nikamwonyesha boga kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho ni nini, kiboko?"

"Boga, mama."

"Linaliwa?"

"Linaliwa, ila ni maji matupu, halina utamu."

"Basi wanaliuza."

"Hawaliuzi."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Sasa?"

Hiyo "sasa?" ya mama nimekaa nayo miaka miwili. Mjomba aliyekuwa pembeni alimaliza kwa neno moja: shibe. Na ana haki. Mzee ana pensheni, duka liko dakika tano, boga likipasuka hakuna atakayelala njaa. Siku za jua boga lile linakunywa lita mia mbili na zaidi, ndoo kumi za lita ishirini, kutoka kwenye mpira wa maji. Mimi nimebeba ndoo kichwani tangu darasa la pili. Kuona ndoo kumi zikimiminwa kwenye kitu kitakachoishia kwenye mboji kunaniuma bado, na sitajifanya hakuniumi.

Ila shibe peke yake hainitoshi. Wale wachimbaji wa makaa walioshindana liki hawakuwa watu wa shibe. Walishuka chini ya ardhi gizani, wakatoka, wakanawa, wakaenda kuinamia ardhi tena, kwa raha zao. Mimi kwetu tuna mvua karibu mwaka mzima, udongo mweusi wa volkano unaootesha hata fimbo uliyoichomeka, na katika watoto wote wa darasa letu sijui hata mmoja aliyewahi kushika jembe kwa raha.

Sababu naijua, nilikuwepo. Ukichelewa namba, jembe. Ukiongea kilugha, jembe. Ukishindwa hesabu, nenda kang'oe kisiki nyuma ya choo cha walimu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mtoto aijue na kuiheshimu kazi ya mikono, na kwenye karatasi ni wazo zuri. Lililotufikia sisi, miaka ishirini na kitu baadaye, ni shamba la shule lenye mahindi tusiyoyajua yalikokwenda na mwalimu wa zamu mwenye fimbo kwenye kivuli cha mwembe. Baba mtu anamwambia mwanawe, "Usiposoma utaishia kulima." Tunalisema mezani, mbele ya chakula kilicholimwa na huyo huyo mama tunayemtishia mtoto kwamba atafanana naye.

Halafu tunashangaa vijana wanakimbia mashamba, tunawaitia semina.

Najua nitajibiwa kwamba boga kubwa halitatutoa. Sidai hivyo. Wala kwetu hatutafikia tani, tusidanganyane: huku Juni jua linakaa angani saa kumi na saba, kwetu ni kama kumi na mbili mwaka mzima, na mmea unakula mwanga. Hata vile vitunguu vyao vikubwa vinangoja siku ndefu ndipo vifunge, ukivipanda Rungwe utavuna majani. Ninachokitaka ni kidogo kuliko hicho. Nane Nane nimekwenda mara nyingi, Mbeya pale viwanja vya John Mwakangale. Vipando vya halmashauri vinapendeza, JKT wapo, Magereza wapo, matrekta yanang'aa. Mama yangu ambaye amechagua mbegu za maboga yake tangu kabla sijazaliwa, anazihifadhi kwa majivu kwenye kibuyu, anaingia pale kama mtazamaji. Wekeni mizani moja na meza moja. Boga zito, mhogo mrefu, mkungu wa ndizi wenye vichane vingi, na kwa kuwa sisi tunakula, wekeni na sufuria: boga tamu. Darasa la nne wapewe kila mtoto mbegu moja, isiwe ya shule, iwe yake, na asiadhibiwe ikifa. Gharama yake ni ndogo kuliko ile posho ya kikao cha kuijadili.

Bibi, mama yake mama, alitukataza kulinyooshea boga changa kidole. Litaoza, alisema. Ukitaka kumwonyesha mtu, kunja ngumi. Nilimsimulia mzee. Akaniambia yanayooza machanga mengi ni yale yasiyopata chavua ya kutosha, akacheka sana. Lakini Septemba ile walikuja wageni wa klabu kuliona boga lake, na kwa macho yangu nilimwona anawaonyesha kwa ngumi.

Mwaka huu amenipa mbegu moja. Nimeipanda kwenye ile nusu yangu, na mwanangu wa miaka tisa ndiye mwenye tepu na daftari. Boga lilishika tarehe 9 Julai. Hadi mwisho wa mwezi lilikuwa kilo kumi na nane kwa jedwali, na mtoto alikuwa anaamka kabla yangu, jambo ambalo shule haijawahi kulifanikisha. Kisha Jumamosi moja nikapata wageni wa ghafla, Watanzania wenzangu kutoka Newcastle, ugali uko jikoni na mboga hakuna. Nilikwenda bustanini nikijiambia nachukua ncha za pembeni tu. Kufika pale mkono ukafanya ulivyozoea. Nilipozinduka nilikuwa nimeshika mafungu manne, na mawili ni ya shina kuu, mbele kabisa ya boga.

Mtoto alilia. Mzee aliangalia ule mkato, akavua kofia, akairudisha kichwani, na hakuniongelesha siku mbili. Mboga ilikuwa tamu, wageni wakaomba na ya kubeba.