Barabara Nyeupe za Chianti Zisiwekewe Lami

Jumapili iliyopita, katika kona ambayo nimeipita kwa baiskeli kila vuli tangu nihamie Toscana, Italia, katika vilima vya Chianti, nilikuta lami. Haikuwa ndefu, pengine haikufika hata kilomita moja, kuanzia lango la nyumba moja ya wageni hadi pale ambapo shamba la mizabibu linakoma na msitu wa mialoni unaanza. Ilikuwa mpya, nyeusi, bado inanuka, na kando yake lilibaki rundo la mawe meupe yaliyokwanguliwa ili kuipisha. Nilishuka, nikaokota jiwe moja na kulitia katika mfuko wa jezi. Hasira ile nimekaa nayo wiki nzima.

Jioni ile niliituma picha ya rundo katika kundi letu la familia. Kaka yangu mkubwa, ambaye bado anaishi Lushoto tulikozaliwa, alinijibu kwa ujumbe wa sauti: “Mdogo wangu, sasa unalia nini? Watu wamepata lami. Sisi huku tunaiomba kila uchaguzi.” Sikumjibu usiku ule, kwa sababu ana haki ya kusema hivyo. Mtu aliyekulia katika milima ya Usambara anajua masika yanavyokata njia, gari la mboga likalala barabarani hadi kabichi zikaoza, na mgonjwa akabebwa kwa machela kushuka mlima ambao gari limeshindwa kuupanda. Siwezi kumsifia mtu huyo vumbi. Kwa hiyo makala haya namwandikia yeye kwanza.

Kaka, barabara hizi, ambazo wenyeji huziita strade bianche, yaani barabara nyeupe, hazikusahauliwa na serikali. Weupe wake unatokana na mawe ya chokaa ya vilima hivi. Katika Chianti jiwe hilo huitwa alberese, na ndilo hilo hilo ambalo mizabibu ya aina ya Sangiovese hupenyeza mizizi yake kulizunguka. Mkulima analitoa shambani kwa sababu linamkwaza, na jiwe lililotolewa shambani limejenga kuta, nyumba, makanisa na barabara. Ukipita hapa wakati wa mavuno, huku matrekta yakivuta matela yaliyojaa zabibu nyeusi, unaona kwamba shamba na barabara ni mwili mmoja. Ukiweka lami juu yake unaukata mwili huo katikati, na kilima kinachobaki kinaweza kuwa kilima cha popote.

Lakini uzuri peke yake haungenifanya niandike. Kinachonigusa zaidi ni jinsi barabara hizi zinavyotunzwa. Katikati zimeinuliwa mgongo kidogo ili maji yasitulie. Pembeni zina mitaro. Kwenye mabonde yapo makalavati. Na panapo mteremko mkali maji hukingwa yatoke nje ya njia kabla hayajapata nguvu ya kuchimba. Baada ya mvua kubwa greda hupita, kifusi kipya kikamwagwa na kushindiliwa. Baadhi ya barabara ni za manispaa. Nyingine ni zile ziitwazo vicinali, ambazo wenye mashamba yanayopakana nazo hushirikiana kuzitunza, na pale zinapotumiwa na umma manispaa nayo huchangia. Nimewahi kusimama kumpisha mzee mmoja aliyekuwa akizibua mtaro kwa jembe mbele ya shamba lake, asubuhi ya Novemba, mvua ikimnyeshea. Hakuna aliyemtuma. Aliniambia tu kwamba maji yakiachwa siku moja hudai mwezi mzima wa kazi. Barabara yetu ya Usambara na barabara ile zinatofautiana kwa mtaro ule na jembe lile, kaka, na rangi ya barabara haimo katika hesabu hiyo. Lami isiyo na mtaro nayo husombwa na maji, na wewe umeiona ikisombwa.

Haikuwa hivi daima. Hadi katikati ya karne iliyopita mashamba haya yalilimwa kwa mfumo wa mezzadria, ambao mkulima alimgawia mwenye ardhi sehemu ya mavuno, mara nyingi nusu, na njia hizi ziliunganisha nyumba za wakulima hao na nyumba kubwa ya bwana shamba. Katika miaka ya 1950 na 1960 familia nyingi ziliondoka, zikaenda viwandani na mijini. Mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya namna ile. Vilima vikabaki na nyumba tupu, na njia nyingi zikabaki nyeupe kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuzidai lami. Naliandika hili waziwazi kwa sababu nisingependa kuficha kwamba ninachokipenda leo kilisalimika kwa sababu ya umaskini wa watu.

Kisha kukatokea watu walioamua kwamba zisiondoke. Mwaka 1997 Giancarlo Brocci, mwenyeji wa Gaiole, mji mdogo wa Chianti, alianzisha safari ya baiskeli iitwayo L'Eroica, na shabaha yake mojawapo ilikuwa kuzilinda barabara hizi. Walioshiriki mara ya kwanza walikuwa 92. Leo hufanyika kila Oktoba kwa maelfu ya watu, juu ya baiskeli za mbio zilizotengenezwa kabla ya 1987, zenye gia zinazobadilishwa kwa vijiti vilivyo kwenye fremu, na wale wa njia ndefu ya kilomita 209 huanza gizani na kupanda kuelekea kasri la Brolio wakimulikiwa na taa ndogo zilizopangwa kando ya njia. Kutokana na safari hiyo yakazaliwa mashindano ya waendesha baiskeli wa kulipwa, mwaka 2007, ambayo sasa yanaitwa Strade Bianche na kumalizikia katika uwanja wa Piazza del Campo mjini Siena. Ya wanawake yalianza 2015. Mwaka 2024 mwendesha baiskeli wa Slovenia, Tadej Pogačar, aliwaacha wenzake zikiwa zimebaki kilomita 81 hivi, akaenda peke yake hadi mwisho, na mahali alipoondokea ni Monte Sante Marie, kipande cha changarawe cha kilomita 11.5. Mashabiki duniani kote wanakijua kilima kile kwa jina, na wanakijua kwa sababu hakina lami.

Mimi si mshindani. Nina baiskeli ya chuma yenye tairi za milimita 40, nami hupunguza upepo kidogo kabla ya kuingia kwenye changarawe ili tairi ishike njia badala ya kurukaruka. Kutoka Gaiole hupanda Brolio, nikashuka San Gusmè, nikapita Castelnuovo Berardenga, kisha miti inaisha na ardhi inafunguka kuwa ile ya Crete Senesi, udongo wa mfinyanzi wa kijivu, mistari ya miberoshi, nyumba moja juu ya kila kilima. Katika miteremko huwezi kushika breki ya mbele kwa nguvu. Katika mipando ukisimama juu ya kanyagio gurudumu la nyuma linateleza, kwa hiyo unakaa, unavuta pumzi, unazungusha miguu taratibu, na ndipo unapoanza kuona. Unaona vichaka vya waridi mwanzoni mwa mistari ya mizabibu. Unasikia wavunaji, na wengi wao siku hizi ni wageni kama mimi, wakiitana kwa lugha zao. Magari nayo hupunguza mwendo, kwa kuwa barabara yenyewe inawalazimisha. Kwenye kile kipande kipya cha lami, Jumapili ile, magari mawili yalinipita kwa kasi ambayo sijawahi kuiona hapo.

Nilipofika Monte Sante Marie nilimfikiria marehemu Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wa Kenya, aliyefariki Agosti 2022 akishindana katika barabara za changarawe za Vermont, Marekani. Yeye na wenzake wa Afrika Mashariki waliona kwamba njia za namna hii zinaweza kuwafungulia vijana wetu mlango katika mchezo huu, na mimi naamini waliona sawa.

Nakubali, ingawa si kwa moyo mweupe, kwamba wanaoishi kando ya barabara hizi wana madai yao. Mama mmoja karibu na Asciano aliniambia kwamba kiangazi chote haaniki nguo upande wa barabarani, na kwamba sisi wa baiskeli tunapita mara moja na kuondoka, ilhali yeye anayala mavumbi yale kila siku. Sikuwa na jibu la kumpa. Kama wataweka lami mita mia moja mbele ya nyumba yake, sitanung'unika. Gari la wagonjwa nalo lazima lipite, na pale ambapo mlima ni mkali kiasi kwamba changarawe haikai, mambo ya picha yakae kando. Ila kile kipande nilichokiona hakikuwa mbele ya nyumba ya mtu anayeanika nguo. Kilikuwa mbele ya lango la wageni ambao wamelipa ili waje kuiona barabara nyeupe, na walioweka lami ile wanaiuza picha ya kile walichokwisha kukifunika.

Jumatano nilimpigia kaka simu. Nilimweleza habari za mgongo wa barabara, mitaro, na mzee wa Novemba. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza mtaro ule una kina gani, na kama wanajengea kwa mawe au wanaacha udongo mtupu. Nikamwambia kwamba sikupima. “Basi ukirudi huko pima,” akasema, “na upige picha ya kalavati, siyo ya mizabibu.” Jumapili nitarudi, na safari hii nimeweka futikamba katika mkoba wa baiskeli.