Kupiga Windows sio dawa, na SSD ya mdogo wangu haikuwa imekufa

Nimesubiri wiki nzima hasira zipoe ndo niandike hii, na bado hazijapoa vizuri.

Iko hivi. Mdogo wangu yuko chuo, mwaka wa mwisho, laptopu yake ni mtumba wa kawaida tu, RAM 8, SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya SATA ya GB 256 ambayo tuliichomeka wenyewe sebuleni, Windows upande mmoja, Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, upande wa pili. Windows ya Word na mambo ya chuo, Ubuntu ya skripti zake za Python za utafiti. Mwezi wa tatu ikaanza uzito, yani ukikopi faili kubwa inaanza kwa mbwembwe halafu inakata pumzi, ukifungua brauza unaweza kwenda kuinjika chai ukarudi bado. Hakuniambia. Akaipeleka kwa fundi mjini, fundi akaiangalia dakika tano akasema "dada, hiyo Linux ndo inayokula SSD", akapiga Windows upya, akachukua elfu thelathini, laptopu ikarudi inaruka kama swala. Na partishini ya Ubuntu, kile kipande chake cha diski? Imeenda na maji. Miezi mitatu ya kazi.

Nikampigia fundi. Kwa heshima kabisa, nikamsalimia, nikamuuliza habari za kazi, ndo nikasema kaka, ile partishini ya pili mbona umeifuta? Akanijibu bila wasiwasi: "Ilikuwa tupu bro, Windows yenyewe ilikuwa inaniambia niifomati."

Aisee.

Kwa kawaida Windows haijui kusoma ext4, ule mpangilio wa faili wa Linux. Ikiikuta inaiita RAW, yani haina mpangilio inaoutambua, na ikiwa imeipa herufi ya draivu, ukiibofya inakuletea kaujumbe kwamba huwezi kuitumia mpaka uifomati. Ni sawa na mtu asiyejua Kiarabu akaokota barua, akasema karatasi hii chafu, tuiwashie jiko.

Hakuwa na bekapu ya maana, ndiyo, nakubali. Nilimwambia mara mia. Mama naye akamwambia, kwa sauti kubwa zaidi. Tuendelee.

Kinachonikera kuliko vyote, na hiki ndicho kilichonifanya nikae chini niandike, ni kwamba dawa ya fundi ILIFANYA KAZI. Laptopu ilipona kweli, na ndiyo maana mtaani watu hawaambiliki, kila kitu kikiwa kizito jibu ni moja tu, piga Windows. Sasa kwa nini inapona? SSD haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani kama unavyofuta ubao kwa mkono huku unaandika. Lazima kwanza ifute, na inafuta kwa mabloku makubwa, wakati kuandika inaandika vipande vidogo. Wewe ukifuta faili, mfumo unakata tu jina kwenye daftari lake, SSD yenyewe haina habari, inaendelea kutunza ule uchafu kama mali ya mwenye nyumba, inauhamisha huku na kule kila ikitafuta nafasi. Ujumbe wa kuiambia "hivi tumeshavitupa" ndo huo unaoitwa TRIM. Usipofika, SSD inajiona imejaa hata kama wewe unaona GB 60 ziko wazi.

Halafu kuna hili la pili. SSD hizi za bei yetu zinaazima sehemu ya seli (vijumba vidogo vya kutunzia data) zilizo wazi na kuzigeuza kashe ya kupokelea data kwa kasi, seli iliyotakiwa kubeba biti tatu au nne inabebeshwa moja tu ili iandike haraka. Kwenye SSD nyingi za namna hii, diski ikijaa kashe nayo inasinyaa. Hapo ndo unapata ile tabia ya kuanza na MB 400 kwa sekunde, na kabla hujakaa vizuri uko kwenye 30. Watu wanaona namba inaporomoka wanasema SSD imekufa. Haijafa. Imevimbiwa.

Sasa fundi alifanya nini? Alifomati. Na Windows ikifomati partishini kwenye SSD inatuma TRIM ya partishini nzima, na juu ya hapo diski yenyewe sasa ni tupu. Kwa hiyo bila kujua alitoa dawa sahihi, ila aliitoa kwa kubomoa nyumba ili afagie sebule. Ni yule mganga anayekupa unga wa mizizi anakwambia ukanywe na lita mbili za maji, unapona, unamsifia mtaa mzima, kumbe ulikuwa na kiu.

Ushahidi kwamba hakutibu chochote ni kwamba baada ya miezi mitatu ikarudi vilevile. Safari hii nikaletewa mimi.

Na hapa ndo nataka kuwaambia watu wa "Linux inakula SSD": kuwa na mifumo miwili kwenye diski moja ni bahati, maana una mashahidi wawili wa tukio moja ambao hawafahamiani kabisa. Ikiwa nzito upande mmoja tu, anza na ule mfumo. Ikiwa nzito kote, angalia diski, au waya wake, au namna inavyotumiwa. Mwenye Windows peke yake hana wa kumuuliza! Tukaanza na Windows, Task Manager ikaonyesha diski asilimia 100 huku inachoandika ni MB 15 kwa sekunde, kituko. Tukahamia Ubuntu, tukakopi video ileile ya harusi ya binamu yetu, GB 10. Kusoma safi, MB 520, karibu na mwisho wa uwezo wa SATA yenyewe. Kuandika, mbwembwe, halafu chini. Kote kuwili. Nikaangalia afya ya SSD kwa smartctl, programu inayosoma ripoti ya diski yenyewe, uchakavu asilimia chache tu na hakuna kosa hata moja la waya. Kwa hiyo Linux imefutiwa mashtaka, na SSD ni nzima.

C ilikuwa imebakiwa na GB 5 kati ya 150. Haya, hilo la mdogo wangu, na tamthilia zake. Nikauliza Windows kama TRIM inafanya kazi, amri ya fsutil ikajibu DisableDeleteNotify ni 0, yani kuzima kumezimwa, maana yake imewashwa. Sijui nani aliyeandika hiyo lugha. Ubuntu ilikuwa na nafasi kibao, ila fstrim.timer, ile kazi inayotakiwa kujiendesha yenyewe kila wiki, ilikuwa imezimwa.

Aliyeizima ni mimi.

Mwaka jana nilijitengenezea skripti ya kuzima huduma "zisizo na kazi" ili laptopu iwake haraka, nikaitembeza kwa mdogo wangu, na Ubuntu ilipowekwa upya nikaitembeza tena, kwa kujiamini. Nimeokoa labda nusu sekunde ya kuwaka. Na Windows haiwezi kukusaidia hapo kwa sababu haijui hata hizo faili za upande wa pili zipo, kila mfumo unafagia kwake, ila SSD ni moja, inahesabu uchafu wa wote.

Kurekebisha ilikuwa jioni moja na soda mbili. Tulitoa tamthilia na takataka za Downloads tukazipeleka kwenye diski ya nje. Tukaandika amri ya Windows powercfg /h off, ikaondoka hiberfil.sys, faili ambalo Windows hulitumia kusinzia, lililokuwa limekalia kama GB 3, na ikaondoka na Fast Startup, ambayo mwenye dual boot (mifumo miwili kwenye laptopu moja) angetakiwa aizime siku ya kwanza, maana ukiizima laptopu Windows haizimiki kweli, inasinzia na NTFS, ule mpangilio wa faili wa Windows, imeachwa nusu wazi, ukija Ubuntu unaambiwa partishini hii utasoma tu, kuandika hapana. Kisha upande wa Ubuntu sudo fstrim -av, ya kutuma TRIM papo hapo, tukawasha ile timer, upande wa Windows tukabofya Optimize, ambayo kwenye SSD inatuma TRIM, haifanyi ile difragi ya zamani mnayoiogopa. C ikawa na GB 40 wazi. Tukaiacha imewaka usiku kucha ijipange. Asubuhi video ileile ikapita GB zote 10 kwa MB 380 bila kukohoa.

Ndiyo najua, kuna SSD feki mtaani, kuna NVMe (SSD za kasi kuliko SATA) zinazopata joto zikajipunguza kasi, kuna watu wanaodhani kila M.2, ambalo ni umbo tu la kadi, ni NVMe. Kuna SSD zinazokufa kweli. Pima kwanza basi, kupima ni bure.

Na fundi nimuonee huruma kidogo, kidogo tu. Analipwa kwa kazi inayoonekana. Mteja amesimama dirishani anataka laptopu ndani ya saa moja, na hakuna mtu atakayetoa elfu thelathini kuambiwa "futa tamthilia". Lakini kuuliza "hii partishini nyingine ina nini?" ni sentensi moja jamani, haihitaji hata umeme.

Nimesahau moja. Kwenye ileile safari ya mwezi wa tatu fundi alibadilisha na betri ya CMOS, ile ndogo ya kwenye bodi inayotunza saa, elfu tano juu, kwa sababu saa ya Windows ilikuwa inarudi nyuma kila mara. Inarudi nyuma masaa matatu kamili, si mawili na nusu, si manne! Betri gani inakufa kwa kufuata saa za Afrika Mashariki? Ubuntu inaandika saa ya UTC (saa ya kimataifa) kwenye bodi, Windows inaisoma kama saa ya hapa, tofauti ni tatu, unatibu kwenye Ubuntu na timedatectl set-local-rtc 1 basi. Mdogo wangu alikuwa ameitunza ile betri ya zamani kwenye mfuko wa pembeni wa begi, nikaipima na mita, volti 3 kasoro kidogo. Sasa iko kwenye mzani wa jikoni wa mama, inapima unga wa maandazi.