Mama Mkwe Ashuka Kwenye Kila Tuta

Gari langu ni Toyota IST, ile ya toleo la kwanza, ya 2004, rangi ya fedha. Kwa mtu wa Dar hiyo ni sawa na kusema nina pua. Ukiliacha kwenye maegesho ya Mlimani City ukarudi baada ya saa moja, unaweza kujikuta unabonyeza rimoti kwenye mlango wa IST ya mtu mwingine, fedha vilevile, na hata mkwaruzo wa bampa uko palepale. Mimi nimefanya hivyo mara mbili. Mara ya pili mwenyewe alikuwa ndani, anakula mahindi ya kuchoma. Aliteremsha kioo taratibu akaniuliza, "Nikupe nusu?"

Ndipo nikaamua gari langu liwe na alama. Sababu ya pili sikuisema nyumbani: shemeji yangu alikuwa na send-off Bagamoyo, mimi nimepewa kazi ya kumbeba mama mkwe, na mume wa dada yake mke wangu angekuja na Harrier.

Jumamosi nikaenda Ilala kutafuta rimu za sporti za mtumba. Kijana wa dukani alinisoma kabla sijafunga mlango wa gari. Akavuta seti moja kutoka juu ya rundo, inchi 17, nyeusi, ukingo unang'aa kama sahani ya harusi. Rimu ina tundu nane.

"IST? Inaingia."

"Hata hujaangalia."

"Kaka, IST tundu nne, mia moja. Vitz mia moja, Fit mia moja, Demio mia moja. Hapa una nne za mia moja, na nne nyingine za mia na kumi na nne kwa gari nyingine. Utabadili gari, rimu zinabaki."

Hapo sikudanganywa. Kipenyo cha duara la stadi za IST, zile boliti za kufungia rimu, ni milimita 100 kweli, na mimi nilikuwa nimeshasoma kidogo kwenye simu, nikajiona mhandisi. Nilijua tairi zangu ni 185/65 za inchi 15, kimo chake milimita 621 na ushei. Zile za kijana zilikuwa 205/45 za inchi 17, kimo 616. Tofauti milimita tano tu! Spidomita haitanidanganya. Nilimpigia kijana hesabu hiyo kwa sauti ili wateja wengine nao wasikie.

Kisha nikageuza rimu, nikaona kwa nyuma imechorwa 17 x 7½ JJ, na pembeni yake peke yake, 25.

"Hii 25 ni nini?"

Kijana akainama, akaifuta vumbi kwa kidole gumba, akaitazama kama daktari anayesoma eksirei. "Tarehe ya kiwanda hiyo. Mbili, tano. Mwezi wa pili, 2005."

Nikafurahi. Gari la 2004, rimu za 2005, karibu mapacha. Nikalipa laki nane na nusu pamoja na tairi zake, na rimu zangu za zamani nikamwachia akatoa laki moja kwenye bei. "Hizi hazina soko kabisa bosi," alisema, "nakusaidia tu."

Usiku ule niliamka mara tatu kufunua pazia. Watoto wa jirani walikuwa wamelipa jina tayari: Kaa. Nilidhani ni sifa. Asubuhi nililitazama kwa mbele nikaona wana haki, miguu ilikuwa imetoka pembeni, mwili uko katikati.

Wiki mbili nzima nilitembea peke yangu, kazini na kurudi, na kasoro niliyoiona ni moja: nikifika kilomita 80 kwa saa, usukani unatetemeka kama mwenye malaria. Nikapiga balansi. Nikarudi nikapiga tena. Mara ya tatu fundi wa balansi aliniambia mashine inasoma sifuri, labda ni mimi ndiye natetemeka.

Siku ya send-off mvua za vuli zilikuwa zimeamkia mlangoni. Saa saba mchana niko Tegeta nyumbani kwa mama mkwe, shati limenyooka, gari limeoshwa, rimu zimepakwa mafuta.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Gari jipya?"

Moyo wangu ulipanda ngazi. "Lilelile Mama, nimebadili viatu tu."

Wakaingia nyuma watatu: Mama, Mama Mdogo na Shangazi. Sitaji kilo za mtu. Niseme tu kwamba ni familia inayojua kupika, na IST iliitikia kila mmoja alipokaa. Buti ikapokea mchele kilo 25, sufuria mbili kubwa na sanduku la vitenge. Mke wangu akakaa mbele. Tukaondoka.

Tuta la kwanza liko mita kama mia mbili kutoka pale. Nilipanda polepole, nikashuka polepole, na huko nyuma kukatoka mlio: KRRRRUU!

"Umekanyaga mbuzi," alisema Shangazi.

"Hapana Shangazi, ni kokoto."

Tuta la pili, kokoto ileile. La tatu kukafuata harufu ya mpira unaoungua, na mke wangu akanigeuzia jicho ambalo walio kwenye ndoa wanalijua. Nikasimama pembeni, nikajifanya napokea simu, nikainama. Ukingo wa madigadi ya nyuma ulikuwa umekaa juu ya bega la tairi kama kisu kwenye muwa. Juu ya tairi kulikuwa na mstari uliochongwa vizuri, wenye kina, na chini barabarani vipande vyembamba vyeusi vya mpira, mithili ya kucha. Nikapitisha kidole kati ya tairi na bati. Hakikupita. Nikajaribu kadi ya benki. Nayo haikupita.

Nikahamisha mchele mbele, miguuni kwa mke wangu. Sufuria moja akapakata. KRRRRUU.

Sasa nisaidie. Wewe ungemwambiaje mama aliyekuzalia mke kwamba gari haliwezi kupita tuta akiwa ndani? Kuna lugha ya adabu ya jambo hilo? Mimi sikuipata. Tulipokaribia matuta ya Bunju nikasimama, nikamfungulia mlango.

"Mama, safari ni ndefu. Naomba mshuke mnyooshe miguu kidogo."

Wakashuka, wakashukuru. Shangazi akasema hajawahi kuona mkwe mwenye huruma namna hii. Mimi nikavusha gari mpaka ng'ambo ya tuta, likapita kimya kama paka, wakapanda. Mita mia nne mbele, tuta jingine.

"Mama, mnyooshe miguu tena."

Mama akanitazama. "Mkwe wangu, hii miguu imeshanyooka."

Lakini walishuka. Kwenye tuta la tatu vijana wa bodaboda walikuwa wameshaelewa mchezo, mmoja akajitolea kuwavusha kwa shilingi mia tano kila kichwa. Mama Mdogo akakubali, akasema huko angalau hakuna kokoto.

Tulipovuka daraja la Mpiji na kuingia mkoa wa Pwani barabara ilifunguka, nikasema sasa nifidie muda. Sabini. Themanini. Mama Mdogo alikuwa katikati ya habari za jirani yake na fundi cherehani. "Sa-sa-sa yu-yu-yule mwa-na-na-mke," alisema, sauti inakatikakatika kama redio yenye betri za mwisho, "a-a-ka-ka-fu-ngua mla-la-ngo..." Mfuniko wa sufuria ukaanza kupiga chakacha. Nikapunguza hadi sitini, habari ikaendelea sawasawa. Nikapanda themanini, fundi cherehani akaanza tena kutetemeka.

Karibu na Mapinga mvua ilikuwa imeacha dimbwi la rangi ya chai ya maziwa. Mama aliomba apate hewa, akateremsha kioo. Kwa kawaida, tairi likiwa ndani ya madigadi, matope yanapigwa yakarudi chini. Langu lilikuwa linatembea nje ya nyumba. Tairi la mbele lilichota dimbwi, likalirusha juu kwa mkunjo mzuri sana, likapita dirisha la mke wangu lililofungwa, likaingia la mama yake. Vazi lilikuwa la lesi nyeupe.

Gari zima likanyamaza. Hata sufuria.

Mama alijifuta jicho moja, kisha la pili. "Mwanangu," akasema kwa upole ambao bado nausikia, "sema tu kwamba tumenenepa."

Waliingia Bagamoyo kwa bajaji, watatu, Mama amejifunga kitenge kutoka kwenye sanduku la zawadi. Mimi nikafuata nyuma na mchele wangu, matuta yote napita kimya. Getini mwenye Harrier alikuwa anapokea wageni. Aliitazama bajaji, akanitazama mimi, akatazama rimu. "Zimetoka vizuri," alisema, na mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Jumatatu nikalipeleka gari kwa fundi wangu, mzee mmoja asiyependa maneno. Alifungua rimu moja, akailaza uso chini, akapitisha ubao juu ya ukingo wake wa nyuma, akapima mpaka pale inapokutana na habu, kile kitovu cha gari ambacho rimu inafungwa juu yake. Nikamweleza habari ya mwezi wa pili, 2005. Alikaa chini. Alicheka mpaka akaomba maji.

Ile 25 ni milimita, umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani. Ikipungua, inatoka nje. Zangu za zamani zilikuwa na 45, upana inchi tano na nusu. Hizi upana saba na nusu, namba 25. Alichukua chaki akapiga hesabu sakafuni: ukingo wa nje ulisogea milimita 45. Sentimita nne na nusu kila upande! Kaa.

Kuhusu malaria, akachukua vernia, kile kipimo chake cha meno. Shimo la katikati la rimu lilikuwa milimita 73.1, pua ya habu ya IST ni 54.1. Rimu ilikuwa inaning'inia kwenye nati tu, na mimi nilizikaza gari likiwa limeshashushwa kwenye jeki, kwa hiyo ilikaa upande. Ungeipiga balansi hata mwaka mzima, mashine inaishika rimu kwa shimo lake yenyewe, haijui habu yako. Kinachotakiwa ni pete, 73.1 kwa nje na 54.1 kwa ndani, ambayo fundi wa kukereza vyuma anaitoa kwa asubuhi moja.

"Basi nitie pete," nikasema.

"Pete itaondoa kutetemeka," alijibu. "Mama mkwe wako bado atashuka."

Nikarudi Ilala. Kijana alinipokea kwa bashasha ileile. Rimu zangu za inchi 15 zilikuwa mbele kabisa ya duka, zimepigwa rangi, nikazitambua kwa kovu la geti la nyumbani.

"Hizo unauzaje?"

"Hizi orijino kabisa, bosi. Adimu sana siku hizi." Akazipapasa. "Laki mbili na nusu, kwa sababu ni wewe."

Nimeshambeba Mama mara nyingi tangu siku ile, na gari linapita matuta bila neno. Ila bado hapandi moja kwa moja. Anazunguka kwanza, anagusa kila tairi kwa ncha ya kiatu, kisha anashika mlango na kuniuliza mbele ya majirani:

"Leo tunashukia wapi?"