Fulana ya bendera, na nani alitakiwa kurudishwa nyumbani

Kila nikiigusia kesi ya Live Oak, shule ya California iliyowaambia wanafunzi wavue fulana za bendera ya Marekani, kwa watu wa huku kwetu jibu huwa ni moja, mwalimu kasema vua, mtoto anavua, habari imeisha, haki gani tena hiyo. Najua jibu hilo linatoka wapi. Wengi wetu tumesoma kwa yunifomu, ukitokea mstarini na soksi ya rangi nyingine unatolewa mbele, na swali la nguo inasema nini halikuwahi kutujia kwa sababu nguo zetu wote zilikuwa zinafanana. Ila shule nyingi za serikali California hazina yunifomu, mtoto anatoka nyumbani na nguo aliyoichagua mwenyewe, kwa hiyo pale fulana ni kauli na sheria yao inaihesabu hivyo tangu mwaka 1969. Ukiisoma kesi hii kwa macho ya yunifomu utawaona wale vijana ni watukutu tu waliopata walichostahili, na mi nadhani hapo utakuwa umewaonea.

Kisa kwa kifupi. Live Oak High School iko Morgan Hill, mji ulio kusini ya San Jose. Tarehe 5 Mei 2010 shule ilikuwa na sherehe ya Cinco de Mayo, siku ambayo Wamarekani wengi wenye asili ya Mexico wanakumbuka jeshi la Mexico lilivyowapiga Wafaransa pale Puebla mwaka 1862. Vijana kadhaa wakaja siku hiyo na fulana zenye bendera ya Marekani. Makamu mkuu wa shule, Miguel Rodriguez, akawaita akawaambia wazigeuze, bendera iingie ndani, au wazivue. Mkuu wa shule, Nick Boden, akaangalia fulana moja moja, wawili wakaruhusiwa kurudi darasani kwa vile bendera kwenye nguo zao haikuonekana sana, wawili wengine wakapewa kuchagua kati ya kugeuza fulana au kwenda nyumbani, wakaenda nyumbani. Hawakupewa adhabu na haikuandikwa kuwa ni utoro. Wazazi wakashtaki wakashindwa, tarehe 27 Februari 2014 majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa wakasema kwa kauli moja shule ilikuwa sahihi, na tarehe 30 Machi 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuipokea.

Shule nayo ina hoja, tena nzito, na wale waliopiga kelele eti California imepiga marufuku bendera ya Marekani hawakutaka hata kuisikia. Mwaka mmoja nyuma, Cinco de Mayo ya 2009, kundi la wanafunzi wengi wao wazungu walitundika bendera ya Marekani kwenye mti pale shuleni wakawa wanaimba USA, wakati kundi la wanafunzi wa Kimexico wakipita na bendera ya Mexico, wakarushiana matusi na vitisho mpaka walimu wakaingia kati. Siku hiyo hiyo mwanafunzi mmoja alimsukumizia bendera ya Mexico mmoja wa hawa hawa vijana waliokuja kushtaki, huku akifoka kwa Kispanyola kuhusu nguo yake. Kwa hiyo 2010 wanafunzi walipomwendea Rodriguez asubuhi kumtahadharisha kwamba kunaweza kutokea shida uwanjani, hakuwa anabuni kitu. Mwalimu mwenye kumbukumbu ya mwaka jana kichwani, ana dakika chache za kuamua, mtoto akija kuchomwa kisu yeye ndo atasimama mbele ya mzazi. Mi siwezi kumbeza mtu aliyekuwa kwenye nafasi hiyo. Na hata vijana wenyewe hawakubisha kwamba fulana zilikuwa zinawaweka hatarini, mmoja alisema tu yuko tayari kulibeba hilo jukumu. Jaji McKeown, aliyeandika hukumu, akasema shule haitakiwi kusubiri mpaka fujo zitokee ndipo ichukue hatua, na ukiisikia sentensi hiyo peke yake ni vigumu kuipinga.

Sasa kuna namba moja ambayo mahakama iliitegemea na imekuwa ikinisumbua sana. Hukumu inasema katika miaka 6 ya Boden shuleni hapo kulitokea mapigano yasiyopungua 30, mengine ya magenge na mengine kati ya wazungu na Walatino. Ukisikia 30 unaona kama uwanja wa vita. Shule za serikali California zinasoma siku 180 kwa mwaka, miaka 6 ni zaidi ya siku 1,000, kwa hiyo ni pigano moja kwa kila siku 36 za masomo hivi. Sisemi ni jambo dogo, pigano moja tu linaweza kuua mtoto. Ninachosema ni kwamba namba yenyewe ni mchanganyiko, ugomvi wa magenge umewekwa kapu moja na ugomvi wa rangi, na hata ukiichukua ilivyo inakueleza shule ilikuwaje, haikuelezi hawa vijana walifanya nini. Asubuhi ile hawakumpiga mtu. Msichana mmoja alimsogelea mmoja wao akamwonyesha fulana akamuuliza kwa nini umevaa hiyo, hupendi Wamexico? Ni swali tu, kali kidogo, la aina ambayo shule ndo mahali pake, watoto wawili wanaulizana mambo makubwa na mwalimu yuko hatua chache. Yakatolewa mapigano 30 ya watu wengine yakawekwa mgongoni kwa fulana moja.

Alafu linakuja lile linaloniuma zaidi. Vijana walilalamika mahakamani kwamba mbona waliovaa rangi za Mexico hawakuambiwa wavue, huo si upendeleo? Mahakama ikajibu kwamba hakuna ushahidi kuwa waliovaa rangi za Mexico walikuwa wanatishiwa kupigwa. Hebu lisome tena jibu hilo polepole. Ni kweli kwa maana ya ushahidi. Lakini maana yake ni kwamba upande ambao haujamtishia mtu ndo unaovuliwa, na upande ambao miongoni mwao kuna watu wa kutishia wanaendelea na nguo zao. Wale vijana wangekuwa wakorofi wa kweli, wangeenda kuwatisha wenzao wa Kimexico wiki moja kabla, basi kwa hesabu hiyo hiyo shule ingepata sababu ya kuwavua wote. Sheria inayomfikisha kijana wa miaka 16 kwenye hesabu ya namna hiyo ina kasoro, hata kama kila mtu mzima aliyehusika alikuwa na nia njema.

Jaji O'Scannlain aliliona hilo. Septemba 2014 kesi ilipoombewa isikilizwe upya na jopo kubwa la mahakama hiyo hiyo, ombi likakataliwa, naye akaandika kupinga pamoja na majaji wawili, akisema kwamba mahakama imempa mwenye kutishia nguvu ya kumnyamazisha anayesema. Na akina Tinker nao, wale ndugu ambao kesi yao ya 1969 ndo iliyoweka sheria yote hii, walikwenda upande wa vijana wa fulana. Hapo inabidi mtu atulie kidogo. John na Mary Beth Tinker walirudishwa nyumbani Desemba 1965 huko Des Moines kwa kuvaa kitambaa cheusi mkononi kupinga vita ya Vietnam, John ana miaka 15 na dada yake 13. Ni watu wa mrengo tofauti kabisa na wanaopenda kuvaa bendera kifuani. Mahakama ya Juu iliwapa ushindi kwa 7 dhidi ya 2, Jaji Fortas akaandika kwamba wanafunzi na walimu hawaachi haki zao getini, na kwamba hofu ya jumla jumla ya fujo haitoshi kumfunga mtu mdomo, lazima shule ionyeshe kuna vurugu ya kweli kwenye masomo au haki za wengine zinavunjwa.

Wanaoitetea Live Oak wanasema, sawa, ila kwa akina Tinker hakukuwa na ngumi wala historia ya ngumi, huku ipo. Ni kweli, na ndo maana napenda kurudi nyuma zaidi, kwenye kesi ambayo kipimo cha Tinker kilichukuliwa kwake. Septemba 1964 wanafunzi weusi wa shule ya Booker T. Washington, mji wa Philadelphia jimbo la Mississippi, walikuja na beji zinazodai mtu mmoja kura moja. Mkuu wa shule akakataza, mwaka 1966 mahakama ya rufaa ikasema hakuwa na haki ya kukataza kwa sababu beji hazikuvuruga masomo. Sasa kumbuka huo ni mji gani. Miezi mitatu tu kabla, Juni 1964, vijana watatu wa harakati za haki za weusi waliuawa karibu na mji huo huo. Kama kuna mahali popote Marekani mwalimu angeweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba mwanangu ukivaa hiki utadhurika, ni pale. Ukiingiza kipimo cha Live Oak kwenye mji ule mwaka ule, beji zinavuliwa, na zinavuliwa kwa huruma, kwa kuwapenda wale watoto, na waliotaka weusi wanyamaze wanakuwa wamepata walichotaka bila hata kufika shuleni. Kila mara nikijaribu kukubaliana na hukumu ya 2014 nafika Mississippi nashindwa kuendelea.

Kuna pingamizi ambalo sijalimaliza. Mahakama nyingi zimeziruhusu shule kukataza bendera ya Kusini, ile ya majimbo yaliyopigana kulinda utumwa, kwa hoja hii hii ya ugomvi, na hukumu ya Live Oak imejiegemeza kwenye kesi hizo. Je, nikiwatetea hawa si namfungulia mlango na yule? Mi naona tofauti iko kwenye ujumbe wenyewe, bendera ile inamwambia mwanafunzi mweusi kwamba thamani yako ni ya kununuliwa, na hata Fortas aliacha nafasi ya shule kuingilia pale haki za wengine zinapoguswa. Bendera ya Marekani ni ya yule mtoto wa Kimexico pia, wengi wao wamezaliwa hapo hapo. Ila nakiri kuna namna ya kuivaa makusudi, siku fulani, mbele ya watu fulani, ikasomeka kama rudini kwenu, na inawezekana kabisa Mei 5 ile ilikuwa hivyo. Hata hivyo mtu akivaa kwa kuchokoza, dawa ni kumzuia anayejibu kwa ngumi, maana Marekani iliamua zamani kwamba bendera haiwezi kulazimishwa kwa mtoto. Mwaka 1943, katikati ya vita kuu, Mahakama ya Juu ilisema watoto wa Mashahidi wa Yehova wa West Virginia wasilazimishwe kuisalimia. Na kwa wanaosema hayo ni ya wazungu, Mahakama yetu ya Rufani Tanzania mwaka 2013 iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova wa Mbozi waliofukuzwa na kusimamishwa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa.

Kingine ambacho watu hawakitaji ni kilichofuata. Wale vijana wawili waliondoka, na bado wao na mwenzao wakaanza kupokea vitisho, kesho yake mmoja akatumiwa meseji na kupigiwa simu ya kutishwa, mwanafunzi mwingine akawasikia wenzake wakisema kuna watu wa genge watashuka kutoka San Jose kuja kuwashughulikia. Tarehe 7 wazazi hawakuwapeleka shule. Mahakama ilisema hilo linathibitisha hofu ya shule ilikuwa ya kweli, na ndivyo. Mi naona linathibitisha na jambo lingine, kwamba kuziondoa fulana uwanjani hakukuwalinda. Hatari ilikuwa kwa watu wanaotishia, ikabaki kwao hata baada ya bendera kuondoka uwanjani, na watoto wakakosa masomo siku nyingine tena.

Shule ingekuwa na njia? Ingeweza kutoa amri moja kwa wote kabla ya siku yenyewe, bendera zote au hakuna hata moja, na hapo manung'uniko yangu yangepungua sana. Ingeweza hata kuweka yunifomu, mwaka 2008 mahakama hii hii iliruhusu sera ya yunifomu ya shule za Nevada kwa vile ilikuwa haimlengi mtu wala maoni yoyote. Ingeweza kujaza walimu uwanjani na kusema asubuhi kwenye spika kwamba atakayemgusa mwenzake kwa ajili ya nguo ndo atakayeenda nyumbani. Kuchagua fulana za upande mmoja saa chache baada ya kengele ndo njia iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Na hukumu hiyo bado ni sheria kwenye majimbo 9 ya magharibi, Arizona na Idaho yakiwemo. Phoenix na Boise kuna familia nyingi za wakimbizi kutoka Congo, watoto wanaoongea Kiswahili nyumbani na kwenda shule za serikali. Mtoto wa hapo akivaa fulana ya bendera ya Congo, au binti akija na kilemba, na kundi la wanafunzi likaanza kusema litampiga, mkuu wa shule ana hukumu ya kumwonyesha mzazi inayosema si lazima asubiri fujo zianze. Na kwenye shule yenye wanafunzi 1,000, hao Wakongo ni wangapi wa kuweza kuwatisha wengine ili wavue na wao?